Setilaiti ya vipuri vya dukani: walichokigundua Surrey, na walichokiuza

Mwezi uliopita tulikwenda shule moja ya sekondari tukiwa na mfano wa setilaiti, boksi la plastiki la sentimita 10 kila upande. Tukaeleza mambo ya obiti, tukaeleza roketi, kila mtu kimya. Mwisho binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Dada, humo ndani kuna nini ambacho hakipo kwenye simu?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikakwama. Maana ukiwa mkweli, jibu ni kwamba hakuna kikubwa. Setilaiti ndogo ina kompyuta, betri, redio, mara nyingi kamera, na vifaa vya kuhisi imegeukia wapi. Simu iliyo mfukoni mwako ina hivyo vyote. Sasa kwa nini moja inauzwa Kariakoo na nyingine inajengwa na wahandisi kwa mwaka mzima, kwa mamilioni ya dola?

Swali la yule binti ni la zamani kidogo. Kuna watu waliliuliza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakalijibu kwa vitendo, na jibu lao likageuka kampuni. Inaitwa Surrey Satellite Technology, wengi wanaifupisha SSTL, iko Guildford, mji ulio kusini magharibi mwa London. Nimeichagua leo kwa sababu ukiielewa hiyo moja, umeelewa nusu ya habari zote za "nchi fulani yarusha setilaiti yake ya kwanza" unazosoma kila mwaka.

Jamaa wa redio

Wakati ule kujenga setilaiti ilikuwa kazi ya serikali kubwa. Kila kipuri kilikuwa cha aina maalumu, kimetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya anga za juu tu, kikiambatana na makaratasi mengi kuliko uzito wake. Matokeo yake kilikuwa ghali, na pia kilikuwa cha kizamani: hadi kimalize kupimwa, maduka yameshajaa vipuri vyenye kasi zaidi.

Martin Sweeting alikuwa mtafiti kijana Chuo Kikuu cha Surrey, na pia mpenzi wa redio za ridhaa, wale watu wanaojitengenezea mitambo nyumbani ili waongee na wenzao wa mabara mengine. Yeye na wenzake wachache wakajiuliza: vipi tukichukua maikroprosesa za kawaida, zile zinazouzwa kwa viwanda vya kawaida, tukajenga setilaiti ndogo? Wakaijenga. Iliitwa UoSAT-1, ilikuwa na uzito wa kilo 50 na kitu, na tarehe 6 Oktoba 1981 ilipaa kutoka California kwa roketi ya Marekani. Roketi yenyewe ilikuwa imebeba setilaiti kubwa ya kisayansi, UoSAT-1 ikapewa lifti tu kwenye nafasi iliyobaki. Hadi leo setilaiti ndogo nyingi husafiri hivyo: abiria wa lifti hachagui njia wala saa ya kuondoka.

Jambo la maana zaidi lilikuwa kompyuta yake. Iliweza kuandikiwa programu upya ikiwa tayari iko juu. Leo hilo ni kama kusasisha programu ya simu, lakini mwaka 1981 halikuwa jambo la kawaida.

Mwaka 1982 wakapata pigo. Kosa la programu liliwasha redio zake mbili za kutuma kwa pamoja. Redio hizo zilikuwa karibu mno na kipokezi cha amri kiasi kwamba setilaiti ikawa inajipigia kelele masikioni. Guildford wanatuma amri ya "zima redio", setilaiti haisikii, inazidi kupayuka. Miezi ikapita. Waliookoa jahazi walikuwa wanaredio wa ridhaa wa Marekani waliopata ruhusa ya kutumia dishi lenye kipenyo cha mita 46 hivi lililoko Stanford, California. Kwa dishi kubwa namna hiyo nguvu ya mawimbi inakusanywa mahali pamoja, na Septemba 1982 amri ikapenya. UoSAT-1 ikanyamaza, ikatii, ikaendelea na kazi mpaka iliporudi na kuungua angani mwaka 1989.

Mimi naipenda hadithi hii kwa sababu kipuri cha dukani hakikuwa na hatia. Kilichokosea ni programu, kazi ya binadamu.

UoSAT-2 ikafuata tarehe 1 Machi 1984, baada ya kujengwa kwa takriban miezi sita. Hiyo ilisikika angani kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1985 chuo kikasajili kampuni kwa mtaji wa pauni 100 na wafanyakazi wanne. Si kosa la uchapaji, ni pauni mia moja.

Kwa nini simu yako isingefika mbali huko juu

Turudi kwa yule binti. Tuseme tumechukua simu tukaitupa kwenye obiti, kilomita 700 juu. Nini kitaiua?

Wengi hujibu baridi. Baridi ni tatizo, ila si la kwanza. Mimi ningetaja mionzi.

Kumbukumbu ya kompyuta ni mamilioni ya vidimbwi vidogo vya chaji ya umeme. Kidimbwi kikijaa tunasema 1, kikiwa kitupu tunasema 0. Huku chini tumefunikwa na angahewa na ugasumaku wa Dunia, kwa hiyo chembe zenye nishati kubwa kutoka kwenye Jua na kwenye nyota za mbali zinatufikia kidogo sana. Kule juu blanketi limefunuliwa. Chembe moja ikipita ndani ya kumbukumbu inaacha msitari wa chaji, na kidimbwi kilichokuwa 0 kinageuka 1. Hakuna kilichovunjika. Ila amri iliyosema "zima kamera" sasa inaweza kusema kitu kingine kabisa.

Dawa yake ni ya kisiasa: kura. Kila taarifa unaiandika mahali patatu. Wakati wa kuisoma unalinganisha. Wawili wakisema 1 na mmoja akasema 0, wawili wanashinda na yule mmoja anasahihishwa palepale. Lakini usisubiri mpaka siku ya kusoma, maana ukichelewa chembe nyingine itageuza nakala ya pili na walioasi ndio watakuwa wengi. Kwa hiyo kompyuta inapita kumbukumbu yote mfululizo, mwanzo mpaka mwisho halafu tena, kama mfagizi wa soko asiyelala. Kuna njia nyingine za kihesabu zinazotumia nafasi ndogo kuliko nakala tatu, ila wazo ni lilelile.

Setilaiti za Surrey zilikuwa zinaandika kila biti ilipogeuka zilikuwa juu ya sehemu gani ya Dunia. Ukiziweka nukta hizo kwenye ramani, zinajazana upande wa Brazil na kusini mwa Atlantiki. Hapo ugasumaku wa Dunia ni dhaifu, na mkanda wa chembe unashuka karibu zaidi. Yaani kipuri cha bei rahisi, kwa kukosea kwake, kikawa kipimo cha sayansi.

Kuna madhara mengine mabaya zaidi. Mara nyingine chembe hufungua njia ya umeme ndani ya chipu mahali ambapo haikupaswa kuwepo, umeme ukapita kwa wingi, chipu ikaungua. Dawa ni swichi inayohisi ongezeko la ghafla la umeme, inakata mara moja, halafu inarudisha. Sakiti breka ya nyumbani kwenu inafanya kazi hiyohiyo, isipokuwa hii inajiwasha yenyewe, maana hakuna wa kupanda juu kuiwasha.

Baada ya mionzi, betri. Hapa tupige hesabu kidogo, haiumi. Kwa kimo cha kilomita 700 setilaiti inaizunguka Dunia kwa dakika 99 hivi, na kwenye mizunguko mingi dakika kama 35 inakuwa kwenye kivuli cha Dunia, gizani. Ikiwa inatumia wati 30, gizani inahitaji wati-saa 17.5, karibu theluthi moja ya betri ya laptopu ya kawaida. Si nyingi. Shida ni idadi. Dakika 99 maana yake ni mizunguko 14 na nusu kwa siku, zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Betri ya simu yako baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa unaanza kulalamika. Hii inachajiwa mara 5,000 kabla ya kusherehekea mwaka mmoja. Njia ya kuiponya ni kuweka betri kubwa kuliko mahitaji na kuitumia sehemu ndogo tu kila mzunguko, ili isichoke.

Joto nalitaja kwa haraka. Hakuna hewa, kwa hiyo feni haisaidii kitu. Joto la kompyuta linatoka kwa kupita kwenye chuma hadi ukutani na kumiminika angani kama mng'ao. Rangi ya nje ya boksi ni sehemu ya mtambo. Ndiyo maana kabla ya safari setilaiti inafungiwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa, inachomwa na kupozwa kwa siku kadhaa, halafu inatikiswa kwenye meza ya mtetemo kama roketi itakavyoitikisa.

Na kugeuka? Hakuna barabara ya kukanyaga. Surrey walitumia sana koili za waya: ukipitisha umeme, koili inakuwa sumaku, na inasukumana na ugasumaku wa Dunia kama sindano ya dira. Pia walichomoza mlingoti wa mita kadhaa wenye uzito kwenye ncha. Uvutano wa Dunia una nguvu kidogo zaidi kwenye ncha iliyo karibu nayo kuliko ile ya mbali, kwa hiyo kitu kirefu kinapenda kusimama wima kuelekea Dunia. Hiyo ni bure, haitumii umeme kabisa.

Angalia sasa orodha hiyo yote. Hakuna dawa hata moja iliyohitaji kipuri cha ajabu. Zinahitaji mtu anayejua kipuri kipi cha dukani kimewahi kwenda juu kikapona, kipi kilikufa, na kukizunguka vipi ili kikikosea setilaiti isife nacho. Huo ujuzi ndio mali ya kampuni. Na haukupatikana bure: Januari 1990 walirusha UoSAT-3 na UoSAT-4 kwa roketi moja ya Ariane. Ya kwanza ilifanya kazi kwa miaka. Ya pili ilinyamaza kabla siku mbili hazijaisha.

Posta ya madaktari

Hiyo UoSAT-3 ina uhusiano na huku kwetu ambao watu wengi hawaujui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 intaneti haikuwepo kwenye hospitali za Afrika, na simu ya kimataifa ilikuwa na bei ya kutisha. Daktari wa moyo wa Boston, Bernard Lown, alianzisha shirika la SatelLife ili madaktari wa nchi maskini wapate majarida ya tiba na waweze kuulizana maswali. Mtandao wao uliitwa HealthNet, na uliunganisha nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Zambia, Kenya na Tanzania.

Ulifanyaje kazi? Setilaiti ilikuwa mtu wa posta. Inapita juu ya kituo chako kwa dakika kumi na kidogo, antena yako inaipakia barua. Inaondoka nazo kwenye kumbukumbu yake, na ikifika juu ya kituo kingine inazishusha. Jibu linarudi baada ya saa kadhaa. Kwa aliyezoea WhatsApp ni mateso, ila kwa aliyekuwa anasubiri jarida lije kwa meli ulikuwa muujiza. Mwaka 1993 Surrey wakajenga HealthSat-2 kwa ajili ya kazi hiyohiyo.

Sasa shika roketi iliyoipeleka HealthSat-2, Ariane ya Septemba 1993, maana ndani yake kulikuwa na abiria mwingine wa lifti tunayemhitaji. Jina lake KITSAT-2, wa Korea Kusini.

Mwanafunzi anapoondoka na daftari

Korea ilipotaka setilaiti haikuagiza tu. Taasisi ya KAIST ilituma wanafunzi Surrey. Wakasoma, wakakaa karakana, wakajenga KITSAT-1 pamoja na wenyeji, ikarushwa Agosti 1992. Wakarudi nyumbani, na mwaka mmoja baadaye KITSAT-2 ikapaa, hiyo ikiwa imejengwa Korea. Mwaka 1999 baadhi ya watu hao walianzisha kampuni yao, Satrec Initiative. Satrec nayo ikaanza kuuza setilaiti pamoja na mafunzo: ilijenga DubaiSat-1 ya mwaka 2009 na DubaiSat-2 ya mwaka 2013 huku wahandisi wa Imarati wakijifunza ndani ya karakana zake. Mwaka 2018 Imarati wakarusha KhalifaSat, waliyoijenga wenyewe Dubai.

Guildford, Korea, Dubai. Mkono kwa mkono.

Nigeria nayo ilipita mlango huohuo. NigeriaSat-1 ilijengwa Surrey kwa takriban dola milioni 13, ikiwa na uzito wa kilo 100 hivi, ikarushwa Septemba 2003 kutoka Urusi. Kila nukta ya picha yake ilikuwa mita 32 kwa 32, yaani robo eka. Huwezi kuona nyumba, lakini unaona shamba, msitu uliokatwa, mto uliofurika. Upana wa picha ulizidi kilomita 600, na upana huo ndio siri ya mpango mzima. Dunia inajizungusha wakati setilaiti inazunguka, kwa hiyo kila mzunguko unapita kilomita 2,700 hivi magharibi mwa ule uliotangulia, ukipima kwenye ikweta. Gawanya 2,700 kwa 600, unapata nne na nusu. Setilaiti tano zikishirikiana zinaiona Dunia nzima kila siku. Ndivyo walivyofanya: Algeria, Nigeria, Uturuki, Uingereza na China, kila mmoja akamiliki yake kutoka Surrey, na maafa yakitokea wakachangia picha. NigeriaSat-1 ilikuwa miongoni mwa setilaiti za mwanzo kutoa picha za pwani ya Marekani baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Ndiyo, Nigeria iliipa Marekani picha.

Agosti 2011 zikaenda mbili pamoja. NigeriaSat-2 ilikuwa ya kununua, yenye macho makali. NigeriaSat-X ilijengwa na wahandisi wa Nigeria wenyewe wakiwa Surrey, kama sehemu ya mafunzo.

Linganisha tarehe. Korea ilikaa mwaka mmoja kati ya setilaiti ya kwanza na ya pili. Nigeria ilikaa miaka minane kati ya ile ya kwanza ya Surrey na zile mbili zilizofuata kutoka hukohuko. Sidhani kwamba Wakorea walikuwa na akili zaidi. Ninachokiona ni kwamba walirudi nyumbani wakakuta kazi ya pili mezani, kabla hawajasahau ya kwanza. Ujuzi wa aina hii haukai kwenye cheti. Unakaa kwenye mikono, na mikono isipopata kazi huenda benki, au huhamia Ulaya. Ukitaka kujua kama mradi wa setilaiti wa nchi yoyote una maana, usiulize ina uzito gani wala picha zake zina ukali gani. Uliza waliojenga wamepangiwa kujenga nini kinachofuata, na lini.

Huku kwetu hadithi bado iko mwanzoni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na 1KUNS-PF, boksi la sentimita 10 kama la mfano wetu, iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018. Aprili 2023 Kenya ikarusha TAIFA-1, iliyojengwa na SayariLabs ya Kenya pamoja na EnduroSat, kampuni ya Bulgaria inayofanya kazi kwa mtindo ambao Surrey waliufungulia njia. Rwanda na Uganda nazo zimeshatuma za kwao ndogo kwa ushirikiano na Wajapani.

Surrey yenyewe siku hizi si kampuni ya pauni mia. Mwaka 2005 SpaceX, ambayo wakati huo haikuwa hata imerusha roketi ya kwanza, ilinunua asilimia 10 ya hisa zake, na baadaye kampuni karibu yote ikaenda kwa kundi tunaloliita leo Airbus. Disemba 2005 waliirusha GIOVE-A, setilaiti ya kwanza ya majaribio ya Galileo, mfumo wa Ulaya wa kuonyesha njia. Setilaiti nyingi za Galileo zilizofuata zimebeba mitambo ya uongozaji kutoka Guildford. Simu yako ikiwa ya miaka ya karibuni, ukifungua ramani kutafuta njia ya kwenda Mbagala kuna uwezekano mkubwa inazisikiliza.

Nilimwandikia mwalimu wa yule binti nikamtumia majibu haya kwa ufupi. Siku mbili baadaye akanijibu kwamba binti ameshukuru, na ana swali jingine: zile kura tatu, je, chembe ikimpiga anayehesabu kura?

Ni swali zuri sana. Wahandisi humweka anayehesabu naye mara tatu, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Hiyo tutaiandika wiki ijayo.